Hatujui, Usiguse

Siku Mzizi alipopotewa na neno "kijiko", dada yake alikuwa amekaa kiti cha pembeni, kompyuta mapajani, akimuuliza majina ya majedwali ya data kwenye mfumo.

"Nipe kile," Mzizi alisema, akionyesha juu ya meza. "Kile cha... cha kukorogea."

Dada akampa kijiko, akaendelea na swali lake. Ndivyo alivyokuwa. Hakuwa katili. Alikuwa mtu wa kazi kwanza, machozi baadaye, na mara nyingi hiyo baadaye haikufika. Kazini walimwita Mama Mkasi, maana ripoti yoyote iliyopita mezani kwake ilitoka nusu yake. "Sentensi hii inafanya kazi gani hapa?" angeuliza, na mwandishi akisita tu, sentensi imekwenda. Hata wanawe wakimwandikia ujumbe wa simu waliandika kama watu wanaolipia kila herufi.

Mzizi alikuwa mdogo wake, wa tumbo moja. Jina hilo alipewa ofisini, kwa kuwa kila kitu pale kilichipuka kwake. Yeye ndiye aliyeandika mfumo wa wodi ya watoto, karibu wote peke yake, zamani ofisi ilipokuwa yeye, dada yake na feni inayolia kama mlango mbovu. Mfumo wenyewe ulikuwa hivi: nesi anampima mtoto uzito, anauingiza kwenye kompyuta, daktari anachagua dawa, kompyuta inapiga hesabu ya dozi na kutoa kibandiko cha kubandika kwenye chupa. Kazi ndogo kuisema. Lakini mtoto wa kilo tatu hana nafasi ya kukosewa.

Maelezo ya mfumo huo hayakuwapo. Mzizi alizoea kusema kwamba msimbo mzuri, yaani maandishi ya programu, unajieleza wenyewe, na dada yake, asiyependa karatasi ndefu, alikubaliana naye. Kwa hilo walikuwa shilingi kwa ya pili.

Kisha kichwa kikaanza kumuuma. Daktari akatundika picha kwenye taa, akaonyesha uvimbe kando ya mahali maneno yanapokaa, akapanga upasuaji. Hakuzungusha. Mungu akijalia, mgonjwa atatoka mzima. Maneno ni suala jingine. Huenda yakabaki mengi, huenda yakabaki ya kuombea maji. Mpaka siku hiyo alikuwa na asubuhi zake. Kabla jua halijakolea alizungumza vizuri kiasi cha saa moja, kisha maneno yakaanza kumuaga, moja moja, kama wageni waliosikia kwamba chakula kimeisha.

Habari zilipofika hospitalini, aliyekuwa na dhamana ya kompyuta zote za pale, mtu mpole wa miwani ambaye kila mtu alimwita Msimamizi, alimwita Mama Mkasi ofisini kwake na kumsukumia bahasha nene.

"Hiki ni kiolezo cha maelezo ya mfumo," alisema. "Kila kichwa kijazwe. Majedwali, skrini, njia za data, hesabu, yote."

"Yote?"

"Mama, mimi hapa niliwahi kuachiwa mfumo wa maabara. Aliyeutengeneza alikwenda zake, na hakuna aliyejua ndani mna nini. Kijana mmoja akagusa kitu kidogo, majibu ya wagonjwa yakachanganyika. Yuko mama aliyeambiwa ana ugonjwa usio wake." Akavua miwani, akaifuta ingawa ilikuwa safi. "Mali bila daftari hupotea bila habari. Usiponijazia, sitasaini mfumo uendelee. Nitauzima, tutarudi kwenye karatasi."

Mama Mkasi aliijua karatasi ya wodi ile. Ilikuwa na mwandiko wa watu waliochoka, na nukta za desimali zisizojulikana kama ni nukta au ni uchafu wa nzi. Akaichukua bahasha.

Basi kila asubuhi akawa nyumbani kwa mdogo wake. Alianzia kichwa cha kwanza, akashuka kimoja kimoja, kama mtu anayekwangua sufuria. Mzizi alijibu kila swali kwa subira. Binti yake, ambaye shule yake ilikuwa imefungwa, alikaa kizingitini na kiatu kimoja mguuni, akingoja shangazi amalize. Shangazi alipomaliza, baba naye alikuwa ameishiwa maneno.

Siku hiyo ya kijiko, mke wa Mzizi alimwita Mama Mkasi.

"Wifi, njoo kidogo jikoni."

Jikoni palikuwa padogo na safi, vifuniko vya sufuria vimetundikwa kwenye misumari kwa ukubwa wake. Wifi alikuwa anaosha vikombe vilivyokwisha oshwa.

"Leo umemuuliza nini?"

"Kazi, wifi. Mambo ya mfumo."

"Mambo gani? Niambie kama unavyomwambia mtoto."

"Majedwali. Kila jedwali linaweka nini, linaungana na lipi."

"Na hayo majedwali yako wapi?"

"Kwenye mashine, kule hospitalini."

"Yapo sasa hivi, tunavyoongea?"

"Yapo."

Wifi akakigeuza kikombe chini juu, akakiweka juu ya kitambaa, polepole. "Kwa hiyo asubuhi ya mume wangu umeinunulia kitu kilichopo dukani."

Mama Mkasi alivitazama vikombe.

"Sikunyimi," wifi aliendelea, sauti ikiwa ileile. "Kule wodini wamelala watoto wa wenzangu, nami ni mama. Chukua unachotaka. Lakini chukua kile ambacho akiondoka nacho kimekwenda. Vingine niachie. Mwanangu amekaa mlangoni tangu juma lililopita."

Njiani kurudi ofisini Mama Mkasi aliwaza maneno hayo, na kila alipotaka kuyakasirikia aliona hana mahali pa kushika. Miaka yote alikuwa akikata maneno ya watu. Sasa maneno ya ndugu yake yalikuwa yanakatika kwelikweli, naye alikuwa akiyatumia kujaza fomu.

Ofisini alimkuta Chapchap. Huyu alikuwa baba wa watoto watatu, mtengeneza programu mwenye mikono myepesi, aliyeajiriwa kumpunguzia Mzizi mzigo. Ndiye ambaye mzigo wote ungemwangukia.

"Ukiambiwa uandike majedwali yote na jinsi yanavyoungana, bila kumuuliza Mzizi, utachukua muda gani?"

"Mchana mmoja. Ziko programu zinazoyachora zenyewe, bosi. Unabonyeza tu."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza. Na ukiwa umekunja uso namna ile, nani atakusogelea? Mimi nina familia."

Mama Mkasi hakucheka, lakini pembe ya mdomo ilisogea. Akavuta kiti, akakaa karibu naye.

"Basi sikiliza. Fungua msimbo wote. Pita mstari kwa mstari, kisha unionyeshe ungefuta nini."

"Nifute?"

"Usifute. Nionyeshe. Kila unachokiona cha kijinga. Kila ambacho ungekinyoosha kama ungeachwa peke yako na mfumo huu."

Chapchap akakuna kidevu. "Badala ya kukuonyesha nisichokielewa?"

"Usichokielewa utakiogopa, utakiacha, hakitamdhuru mtu. Mimi naogopa kile usichokielewa ukadhani umekielewa."

Kazi hiyo ilimchukua Chapchap siku mbili, na mwanzoni aliifanya kwa kicheko. "Mzee wetu alikuwa na mambo yake," alisema kila baada ya muda. Uzito wa mtoto unaingizwa mara mbili, na skrini ya pili inauficha ule wa kwanza. Kwa nini kumsumbua nesi? Dozi za watoto wachanga zinapunguzwa mpaka namba kamili iliyo chini, hata pale hesabu ingetaka ya juu. Umeme ukikatika na kurudi, mfumo unangoja dakika moja nzima kabla ya kupokea dawa yoyote, umekaa tu kama mtu aliyesahau alichokuja kufanya. Palikuwa na mengine machache ya namna hiyo. Alipofika kwenye orodha ya dawa, kicheko kilipungua.

"Hii, bosi... Orodha haijapangwa kwa alfabeti. Dawa zimekaa ovyo. Niliiona mwezi uliopita."

"Ukafanyaje?"

"Nimeshaipanga. Kwenye kompyuta yangu. Nilikuwa niiingize hospitalini wiki ijayo." Akamtazama. "Nilidhani nawasaidia manesi."

"Usiiingize."

Asubuhi iliyofuata alikwenda na kompyuta ya Chapchap, na bahasha ya Msimamizi akaiacha nyumbani. Mzizi alikuwa kitandani, mito miwili mgongoni. Dada yake hakumsomea vichwa vya kiolezo. Alimgeuzia skrini yenye orodha iliyopangwa vizuri, A mpaka Z, akangoja.

Uso wa Mzizi ulibadilika.

"Nani kafanya hivi?"

"Chapchap. Bado iko kwake."

Mzizi alinyoosha kidole, akakiweka juu ya majina mawili yaliyofuatana. "Hawa ni mapacha, dada. Majina yanafanana, kazi hazifanani. Huyu ni wa moyo. Huyu ni wa... wa pua, wa mafua. Ukiwaweka pamoja, mtu anabonyeza huyu akidhani yule."

"Ilitokea?"

"Nilikuwa nimekaa pale wodini, naangalia wanavyotumia. Nesi alibonyeza. Alikuwa kazini tangu jana yake. Daktari aliona kibandiko kabla... kabla ya mtoto kunywa."

Akaondoa kidole kwenye skrini.

"Nesi alinisihi nisimtaje. Ana watoto, angefukuzwa. Nikawatenganisha mapacha jioni ileile. Sikumtaja yeye. Na sababu nayo sikuitaja."

Mama Mkasi aliandika. Sentensi mbili tu, bila nesi ndani yake: dawa hizi mbili zisikae karibu, na kwa nini. Aliona wazi kwamba zile sentensi mbili hazikuwa na kichwa kwenye kiolezo cha Msimamizi, na kwamba angeweza kukijaza chote, ukurasa kwa ukurasa, na Chapchap akawaweka mapacha kitanda kimoja wiki ijayo.

Wakaendelea. Uzito mara mbili? Mtu anayeona alichokwisha andika hukinakili, haangalii tena mizani. Dozi kushushwa? Mistari ya bomba dogo la sindano. Nusu mstari haupimiki, na kwa mtoto mchanga heri ipungue kuliko izidi. Kila jibu lilikuwa fupi, na kila moja lilitoka mahali ambapo Mzizi alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, akitazama watu wakifanya kazi. Hakuna hata moja ambalo Chapchap angelitoa kwenye mashine.

"Shangazi, umemaliza?" Sauti ilitoka kizingitini.

"Bado moja, mama. Moja tu."

Akamwonyesha ile dakika ya kungoja baada ya umeme. Mzizi akaitazama. Akaitazama tena.

"Hii nimeiandika mimi."

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Hilo ndilo nakuuliza, mdogo wangu."

Alishika paji la uso kwa viganja viwili, kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni na anajua aliutia humo. "Ilikuwa na sababu," alisema. "Dada, nakuapia, ilikuwa na..." Kisha neno lenyewe, alilokuwa amelisema sasa hivi, likamkimbia. Akalia bila sauti. Dada yake akafunga kompyuta, akamwita mtoto aje akae na baba yake, lakini asubuhi ilikuwa imekwisha.

Msimamizi alizipokea kurasa zikiwa mafungu mawili. Fungu la nyuma lilikuwa la michoro ya Chapchap, nene, iliyotolewa na mashine. La mbele lilikuwa jembamba hata halikuhitaji pini.

"Kiolezo kina vichwa vingi kuliko hivi, mama."

"Vilivyobaki atavijaza Chapchap. Mambo yake yapo kwenye mfumo, hayakimbii. Soma haya ya mbele. Haya hayapo popote."

Alianza kusoma amesimama. Katikati ya ukurasa wa kwanza alikaa. Alipofika kwenye dawa mbili zinazofanana alivua miwani, na safari hii hakuifuta.

"Tukio hili sikuambiwa."

"Hata mimi."

Akasoma mpaka mwisho, kidole kikasimama. "Hapa pa umeme hujajaza."

"Hakumbuki."

"Muulize tena. Bado zimebaki asubuhi kabla ya upasuaji."

"Msimamizi, mtaka yote hukosa yote."

"Na mimi nimekwisha kukosa mara moja," alijibu kwa upole uleule. "Kijana wa maabara naye aligusa kitu kimoja tu. Huenda hii dakika ndiyo kubwa kuliko zote, wewe unajuaje? Jaza hapo, nami nitasaini."

Mama Mkasi alijua kwamba mtu yule anasema kweli.

Aliacha siku zikapita, akijiambia kwamba mgonjwa anapumzika. Alipokwenda ilikuwa asubuhi ya mwisho nyumbani. Kesho yake Mzizi angelazwa. Kompyuta ilikuwa kwenye mkoba. Mlango ulikuwa wazi, na kabla hajabisha alisikia sauti ya ndugu yake, nyepesi kuliko alivyoisikia kwa muda mrefu.

"...tiara yangu ya kurusha ilikuwa na kile. Kile cha nyuma, kirefu."

"Mkia," binti yake akasema.

"Mkia. Wa vitambaa. Shangazi yako akautazama, akasema, huu unafanya kazi gani?"

Mtoto akaanza kucheka kabla ya wakati.

"Akaleta mkasi. Kacha. Akasema, sasa itaruka juu zaidi, imekuwa nyepesi. Tukaipeleka uwanjani. Ikapanda, ikazunguka, ikazunguka kama... kama mlevi. Ikaingia kichwa chini kwenye kuku wa jirani."

"Mkia ulikuwa na kazi, baba."

"Ulikuwa na kazi. Hakuna aliyejua ni ipi. Lakini ulikuwa nayo."

Mama Mkasi alisimama ukumbini, mkoba begani. Wifi alikuwa upande wa pili, kwenye mlango wa jikoni, na alikuwa amemwona. Alimtazama tu, kisha akautazama mkoba.

Mama Mkasi alipiga hesabu yake, kama alivyopiga hesabu za kila kitu maishani, upesi na bila huruma. Dakika ile ikibaki ilivyo na sababu isijulikane kamwe, kinachopotea ni dakika. Akiingia sasa na kuuliza, kinachopotea ni hiki anachokisikia, na jibu lenyewe huenda lisipatikane. Hofu ya Msimamizi ilikuwa mkono utakaogusa. Mkono unaweza kuzuiwa bila kujua sababu. Hilo ndilo ambalo hakuna aliyemwambia kijana wa maabara.

Akautundika mkoba kwenye msumari ukumbini, akavua viatu, akaingia, akakaa chini sakafuni karibu na kitanda.

"Ule mkia ulikuwa mrefu mno," alisema.

"Tiara ilikufa, shangazi," mtoto alimkumbusha.

"Na kuku je? Mbona kuku humwulizi?" akauliza shangazi, na Mzizi akacheka, akatafuta neno, akalipata, akaendelea.

Mchana Mama Mkasi alikwenda hospitalini moja kwa moja. Pale palipokuwa patupu aliandika kwa mkono, mbele ya Msimamizi: "Umeme ukirudi, mfumo hungoja dakika moja kabla ya kupokea dawa. Aliyeandika alikuwa na sababu. Hatujui ni ipi. Usiguse mpaka uijue." Chini akaandika jina lake lote, ili mtu wa kulaumiwa apatikane.

Msimamizi alisoma. "Hili si jibu, mama."

"Ndilo tulilonalo, na ni la kweli. Ungekuwa na mstari kama huu kule maabara, yule kijana angesimama kwanza."

Feni iligeuka, ikarudi. Msimamizi akavuta kalamu, akakaa nayo kidogo hewani.

"Ulimuuliza tena?"

"Sikumuuliza."

Msimamizi alimtazama usoni, na labda aliona kitu, kwa maana hakuuliza zaidi. Akasaini, akagonga muhuri. "Analazwa lini?"

"Kesho."

"Basi nenda nyumbani."

Mzizi alitoka mzima kwenye chumba cha upasuaji. Maneno yaliyotoka naye yalikuwa machache. Mzizi alimwita binti yake kwa jina, na mkewe pia, naye mkewe alipolisikia jina lake alitoka nje ya wodi akakaa kwenye ngazi, akajifunika uso kwa kanga. Dada yake alipoinama kitandani alitazamwa kwa muda mrefu. Kisha Mzizi akainua vidole viwili kwenye shuka, akavifungua, akavifumba, kama mkasi. Jina halikuja. Mama Mkasi akasema hata hivyo inatosha.

Chapchap ndiye sasa anayeushika mfumo. Amerekebisha mengi, na mengine ameyafuta kwa ruhusa. Kila mwezi hukaa wodini nusu siku, kwenye kiti cha plastiki, akitazama. Sababu ya dakika ile bado hajaipata. Umeme ukikatika na kurudi, manesi husimama mbele ya skrini, mikono imekunjwa, wakingoja, na hakuna anayelalamika tena. Mama Mkasi akiwapo naye husimama nao, mtu asiyengoja chochote, akaingoja dakika nzima mpaka iishe.